Mabingwa wa Kwatzi: Fuwele Kubwa, Safi, Ghali na Zenye Kasi Kuliko Zote

Kwatzi ni jiwe la kila mtu. Takriban asilimia 12 ya ganda la mabara ni kwatzi. Imo kwenye mchanga wa mtoni, imo kwenye kokoto za barabarani, imo kwenye mawe meupe ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Chunya huyasaga kwenye karasha wakitafuta chembe za manjano. Ni silikoni na oksijeni tu, basi.

Lakini mara chache sana jiwe hilo hilo hupata bahati. Ndani ya ufa wa mwamba hupita maji ya moto yaliyobeba silika. Maji yakipoa polepole, silika hutulia ukutani, tabaka juu ya tabaka, na kama ufa una nafasi na hakuna tetemeko la kuuvuruga, huota fuwele. Nguzo ya pembe sita, ncha iliyochongoka, mwili unaopitisha mwanga mpaka unaweza kusoma gazeti upande wa pili. Hiyo ndiyo kwatzi angavu, na kwa ajili yake watu wametoboa milima, wamevuka bahari na wamemwaga fedha ambazo zingejenga mtaa mzima.

Hapa tunaishindanisha. Sheria ni moja: jiwe liwe limeumbwa ardhini, si kiwandani. Binadamu akilichonga baadaye, ruksa. Tuanze na wazito.

1. NZITO KULIKO ZOTE: TANI 40, FUWELE MOJA

Mwaka 1981 mtaalamu wa madini P. C. Rickwood alichapisha katika jarida la American Mineralogist orodha ya fuwele kubwa zilizowahi kuandikwa kumbukumbu. Upande wa kwatzi, taji lilikwenda Brazili, kwa fuwele iliyopatikana karibu na Itapore, jimbo la Goiás. Urefu wake takriban mita 6.1. Unene wake mita 1.5 kwa mita 1.5. Uzito wake zaidi ya kilo 39,900.

Hilo si rundo. Ni fuwele moja!

Chukua basi dogo la Coaster, lile la abiria thelathini hivi. Urefu wake haufiki mita 7, kwa hiyo fuwele ya Itapore ingelala ubavuni mwake na kuachwa kwa chini ya mita moja tu. Lakini kwenye mizani hakuna mchezo: ungehitaji Coaster tupu kama 10 kuisawazisha. Na kuisafirisha je? Ukomo wa uzito wa lori kubwa kabisa kwenye barabara za Afrika Mashariki ni tani 56, lori na mzigo wake pamoja. Kichwa na tela vikiwa vitupu vinakula tani 15 na zaidi. Weka fuwele hii juu, fika mizani ya Vigwaza, na dereva atakuwa anaomba Mungu sindano isisogee tena.

Haki itendeke kwa wapinzani. Madini mengine yana majitu makubwa zaidi. Katika mapango ya Naica, Mexico, kuna fuwele za jasi zenye urefu wa mita 12 hivi na uzito unaokadiriwa kufika tani 55, ndani ya joto la nyuzi 58 za Selsiasi ambalo binadamu hawezi kulivumilia zaidi ya dakika chache. Na bingwa wa orodha nzima ya Rickwood ni jirani yetu: fuwele ya berili ya Malakialina, Madagaska, mita 18 kwa urefu, mita 3.5 kwa kipenyo, takriban tani 380. Kwatzi haishindi kwa jumla ya kilo. Ila hebu ulinganishe sifa. Jasi unaikwaruza kwa ukucha. Kwatzi inakwaruza kioo cha dirisha. Kwangu mimi, katika mawe yanayochanganya ukubwa, ugumu na mng'ao, tani 40 za Itapore hazijapata mpinzani.

2. KUNDI KUBWA UNALOWEZA KULITAZAMA: SWAKOPMUND, NAMIBIA

Afrika inaingia uwanjani. Katika mji wa pwani wa Swakopmund kuna jumba la maonyesho liitwalo Kristall Galerie, na ndani yake limesimama kundi la fuwele za kwatzi lenye uzito wa kilo 14,100. Fuwele zimeota zikielekea kila upande, zimebanana. Lilionekana mwaka 1985 katika shamba la Otjua, karibu na Karibib, kina cha mita 45 chini ya ardhi. Kulitoa bila kulivunja kulichukua miaka 5.

Kilo 14,100 ni magunia 141 ya mahindi ya kilo 100. Fuso ya tani 10 ingelikataa.

Umri wake ndio unaozungusha kichwa: unakadiriwa kuwa miaka milioni 520. Mijusi mikubwa ya Tendaguru, Lindi, ile ambayo mifupa yake iko Berlin, iliishi miaka milioni 150 iliyopita. Kundi hili lilikuwa tayari limezeeka mara mbili ya umri huo walipozaliwa. Mlima Kilimanjaro ulianza kujijenga kwa volkano miaka kama milioni 2.5 tu iliyopita. Ungeweza kujenga Kilimanjaro, mmoja baada ya mwingine, mara mia mbili, na bado jiwe la Swakopmund likawa kaka mkubwa.

Mshindani mwingine yuko Washington, kwenye makumbusho ya historia ya asili ya Smithsonian. Mgeni anapoingia hupokelewa na kwatzi iitwayo Berns Quartz, urefu wa mita 2 na ushee, uzito wa kilo 3,600 hivi, iliyochimbwa mwaka 2016 katika mgodi wa Coleman, jimbo la Arkansas. Inalemea kuliko tembo jike wengi wa Ruaha. Arkansas si jina geni kwa wakusanyaji: milima yake ya Ouachita imetoa kwatzi angavu kwa vizazi, na mji mdogo wa Mount Ida unajitangaza bila haya kuwa makao makuu ya kwatzi duniani.

3. SAFI KULIKO ZOTE: TUFE LA KARATI 242,323

Ukubwa ni jambo moja, usafi ni jambo lingine kabisa. Fuwele nyingi kubwa zina utando mweupe ndani, mipasuko midogo, au matone ya maji yaliyonaswa tangu zikikua. Kupata kipande kikubwa kisicho na doa hata moja ni sawa na kupata mto usio na jiwe.

Kipande hicho kipo, na kipo humo humo Smithsonian. Ni tufe la kwatzi lenye kipenyo cha sentimita 32.7, linalotajwa kuwa tufe kubwa kuliko yote duniani la kwatzi isiyo na dosari. Jiwe lake lilitoka Myanmar, likachongwa China, likang'arishwa Japani, na baadaye likatolewa kwa makumbusho kama kumbukumbu ya Worcester Reed Warner, mhandisi wa Marekani aliyetengeneza darubini za kutazamia nyota.

Linganisha. Mpira wa miguu una kipenyo cha sentimita 22. Tufe hili ni mara moja na nusu yake. Kilo 48.5: mfuko wa saruji, ukipungukiwa kilo moja na nusu tu. Tanzanaiti iliyoishangaza nchi nzima mwaka 2020, ile ya Saniniu Laizer wa Simanjiro, ilikuwa na kilo 9.27, ungehitaji tano za namna hiyo na bado mizani ingeinamia upande wa kwatzi. Almasi maarufu ya Hope, iliyo katika jengo hilo hilo na inayovuta umati, ina karati 45.52. Tufe linaipita kwa zaidi ya mara 5,300.

Ukipiga hesabu ya ujazo wa tufe la kipenyo hicho na kuzidisha kwa msongamano wa kwatzi, gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo, unapata kilo hizo hizo 48.5. Hakuna pengo, hakuna povu, hakuna kilichojificha humo ndani.

Na kuna kituko cha kutazama kwa karibu. Weka uzi mmoja mweusi nyuma ya tufe la kwatzi halisi, kisha lizungushe taratibu. Likifika pembe fulani, uzi unaonekana kama nyuzi mbili. Kwatzi huugawa mwale wa mwanga vipande viwili vinavyopita kwa kasi tofauti. Tufe la kioo haliwezi kufanya hivyo, hata liwe zuri vipi.

4. DUARA KAMILIFU KULIKO YOTE: TUFE ZA GRAVITY PROBE B

Hapa naomba sheria ilegezwe kidogo, kwa sababu kwatzi hii ilichimbwa Brazili lakini ikayeyushwa na kusafishwa katika maabara Ujerumani, kwa hiyo si fuwele tena. Medali nitaitoa hata hivyo.

Mwaka 2004 shirika la NASA na Chuo Kikuu cha Stanford walirusha angani chombo cha Gravity Probe B ili kupima nadharia ya Einstein kuhusu jinsi dunia inavyopinda anga na wakati. Ndani yake mlikuwa na tufe nne za kwatzi, kila moja ikikaribia ukubwa wa mpira wa tenisi ya mezani, milimita 38. Zilitakiwa zizunguke bila kuyumba hata chembe, kwa hiyo zilisuguliwa mpaka tofauti kati ya kilele na bonde juu ya uso wake ikabaki chini ya upana wa atomu 40.

Ikuze tufe hiyo iwe sawa na dunia. Mlima wake mrefu kuliko yote ungekuwa na mita 2.4. Kilimanjaro ina mita 5,895. Katika dunia hiyo, mchezaji wa mpira wa kikapu akinyanyua mkono angegusa kilele kirefu kuliko vyote!

5. KASI KULIKO ZOTE: MITETEMO 32,768 KWA SEKUNDE

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba ukiibana fuwele ya kwatzi inatoa umeme kidogo. Kinyume chake pia ni kweli: ukiipa umeme, inajinyoosha na kujikunja, na ikikatwa kwa kipimo sahihi hutetemeka kwa mapigo yasiyobadilika. Mwaka 1927 Warren Marrison na J. W. Horton wa Bell Labs, Marekani, walitumia tabia hiyo kutengeneza saa ya kwanza ya kwatzi. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ikaiweka mkononi: saa ya Astron, yen 450,000, bei ya gari dogo jipya enzi hizo. Saa nzuri ya springi ilipoteza sekunde kadhaa kwa siku. Astron ilipoteza sekunde 5 kwa mwezi.

Kwatzi iliyo ndani ya saa za kawaida leo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa. Ni 2 iliyozidishwa kwa 2 mpaka zikafika 2 kumi na tano, ili sakiti iigawe nusu kwa nusu mara 15 na kubaki na pigo moja tu kwa sekunde.

Mbu hupiga mabawa yake mara 500 hivi kwa sekunde, na ndiyo ule mlio unaokukosesha usingizi. Kwatzi ya saa inamzidi mara 65. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000. Kwatzi inahesabu zaidi ya nusu ya uwanja katika sekunde moja, haichoki, hairuki mtu. Kwa siku nzima inatimiza mitetemo bilioni 2.83. Sensa ya 2022 iliwakuta Watanzania milioni 61.7. Kipande hicho cha jiwe kingeweza kumhesabu kila mmoja wetu mara 45 kabla ya saa sita usiku.

Siku hizi kwatzi ya saa hukuzwa kiwandani, ndani ya mitungi ya chuma yenye joto na shinikizo kubwa, kwa hiyo kwa sheria yetu haihesabiki. Lakini waanzilishi walikuwa fuwele za asili. Katika Vita Kuu ya Pili, redio za majeshi ya Muungano zilihitaji vipande vya kwatzi kwa makumi ya mamilioni, na karibu vyote vilitoka kwenye ardhi ya Brazili. Mashimo yalichimbwa kwa majembe na sururu, mawe yakapelekwa viwandani Marekani, yakakatwa slesi nyembamba.

6. SHIMO LENYE HAZINA KUBWA: ZINGGENSTOCK, USWISI

Katika milima ya Alpi kuna watu ambao kazi yao ni kuwinda fuwele. Wanaitwa Strahler. Wanapanda majira ya joto, theluji ikiyeyuka, wakifuata mishipa myeupe ya kwatzi kwenye miamba. Panapotokea mpasuko chini ya mshipa, huenda kuna chumba, na ndani ya chumba huenda kuna fuwele zilizofunikwa tope.

Rekodi yao ya kale ni ya mwaka 1719, eneo la Zinggenstock karibu na njia ya Grimsel. Ufa uliofunguliwa pale ulitoa takriban tani 50 za fuwele, kubwa kati yake zikikaribia kilo 400 kila moja. Tani 50 ni mzigo wa malori mawili ya masafa marefu, kutoka kwenye tundu moja la mlima, kwa mikono na kamba!

Rekodi ya kizazi chetu ni ya Planggenstock, katika jimbo la Uri. Franz von Arx na Paul von Känel walitoboa mwamba mgumu mwaka baada ya mwaka, mita kwa mita, wakiamini kuna kitu mbele yao. Mwaka 2005 wakafika. Mbele yao mlikuwa na fuwele angavu kama maji, moja ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 1, kundi kubwa likiwa na uzito wa kilo 300 hivi. Leo hazina hiyo ya takriban tani 2 iko katika makumbusho ya historia ya asili ya Bern. Kwa idadi ya kilo, 1719 inashinda. Kwa uzuri, naipa 2005 ushindi bila kusita: fuwele za 1719 ziliuzwa kwa mafundi, nyingi zikakatwakatwa, ilhali hizi zimebaki kama zilivyoota.

7. NDOGO ILIYO KAMILI: HERKIMER, NEW YORK

Fuwele nyingi huota zikiwa zimeshikamana na mwamba, kwa hiyo huwa na ncha moja na kitako kilichovunjika. Za kaunti ya Herkimer huelea ndani ya vitundu vya mwamba wa dolomiti wenye umri wa karibu miaka milioni 500, na hukua pande zote mbili. Matokeo: ncha mbili, nyuso 18, sita juu, sita katikati, sita chini, kana kwamba sonara amemaliza kazi. Nyingi hazizidi ukubwa wa punje ya mhindi. Wenyeji huziita almasi, na ukiiweka moja kiganjani juani huwezi kuwalaumu.

8. WAKUSANYAJI WA KALE: SINGI TALAV, INDIA

Katika eneo la Singi Talav, Rajasthan, wanaakiolojia walikuta fuwele 6 za kwatzi kati ya zana za watu wa kale waliotengeneza mashoka ya mawe, ya aina ile ile iliyotapakaa Isimila, Iringa. Fuwele zenyewe ni ndogo mno kutengenezea kifaa chochote. Hazikuwa na kazi. Mtu aliziona, akazipenda, akaziokota.

9. GHALI KULIKO ZOTE: MABIRIKA YA CAIRO, NA JIWE LA PWANI YETU

Roma ya kale ilikuwa na wazimu wake. Plinius Mkubwa, aliyekufa mwaka 79, aliamini kwatzi angavu ni barafu iliyoganda mpaka ikasahau kuyeyuka. Anasimulia habari za mama mmoja, tena asiye tajiri, aliyelipa sesterce 150,000 kwa kata moja ya kwatzi. Askari wa Kirumi wakati huo alilipwa sesterce 900 kwa mwaka. Angetumikia zaidi ya miaka 166, bila kula wala kunywa, ndipo ainunue. Na Nero alipopata habari kwamba mambo yamemharibikia, alivunja vikombe vyake viwili vya kwatzi ili asije mtu mwingine akavinywea.

Lakini kilele cha sanaa ya kwatzi ni Cairo, chini ya makhalifa wa Fatimiya, karne ya 10 na 11. Mafundi walichukua kipande kimoja cha fuwele, wakakichonga nje kwa ndege, wanyama na majani yanayojikunja, kisha wakakichimba ndani mpaka ukuta ukabaki na unene wa milimita chache. Mpini nao ni wa jiwe hilo hilo, haukubandikwa. Kosa moja la mkono, kazi yote imepotea. Mabirika ya aina hii yaliyosalia duniani hayafiki 10. Moja lenye jina la khalifa al-Aziz, aliyetawala 975 hadi 996, liko katika hazina ya kanisa la San Marco, Venice. Lingine liko Victoria and Albert, London, urefu wa sentimita 20 hivi. Lingine, lililochongwa kwa ajili ya Husayn bin Jawhar, amiri wa maamiri, lilidumu miaka karibu elfu moja mpaka mwaka 1998, lilipoanguka ndani ya makumbusho ya Palazzo Pitti, Florence, likasambaratika.

Sasa bei. Januari 2008, katika mnada wa mji mdogo wa Crewkerne, Uingereza, kililetwa chombo kilichoorodheshwa kuwa jagi la mvinyo la Kifaransa la karne ya 19. Kadirio: pauni 100 hadi 200. Kulikuwa na watu ukumbini waliojua wanachokitazama, na bei ikapanda mpaka pauni 220,000. Mauzo hayo yalifutwa baadaye, chombo kikatambuliwa rasmi kuwa birika la Fatimiya, na Oktoba mwaka huo huo kikauzwa na Christie's, London, kwa pauni 3,177,250. Kutoka kadirio la pauni 200 hadi milioni 3, ndani ya miezi tisa! Kwa viwango vya wakati huo ni zaidi ya dola milioni 5. Tanzanaiti mbili za kwanza za Laizer kwa pamoja zilimpatia shilingi bilioni 7.7, ambazo mwaka 2020 zilikuwa dola milioni 3.4 hivi. Birika moja la kwatzi, jiwe lile lile la kokoto, lilizipita zote mbili.

Na hapa ndipo Mswahili anapopaswa kuketi vizuri. Jiwe lilitoka wapi? Al-Biruni, mwanazuoni mkubwa wa karne ya 11, aliandika kwamba kwatzi angavu ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, na humo ikachongwa vyombo. Zanj ni sisi. Wanaakiolojia wamelifuata dai hilo kwa majembe na mabrashi. Huko Dembeni, kisiwani Mayotte, ambako watu huzungumza Kimaore, ndugu wa Kiswahili, wamefukua vipande vingi vya kwatzi angavu kutoka Madagaska katika makazi ya enzi hizo hizo. Kwenye miji ya kale ya pwani, kuanzia Shanga katika visiwa vya Lamu, kumepatikana shanga na mabaki ya kwatzi. Mwaka 2017 Mark Horton na wenzake walitoa utafiti wakieleza Afrika Mashariki kama chanzo cha kwatzi ya Fatimiya, na karakana zake kuanzia Kenya hadi Madagaska.

Fikiria umbali. Kutoka kaskazini mwa Madagaska hadi Cairo, kwa kufuata pwani na Bahari ya Shamu, ni zaidi ya kilomita 5,000, kwa vyombo vya matanga vinavyosubiri pepo za kusi na kaskazi. Jiwe zito, lenye kuvunjika, likipitia mikono ya manahodha wetu. Katika makumbusho ya Ulaya maandishi ukutani mara nyingi hutaja Misri tu. Nadhani wakati umefika yataje na Zanj.

10. UDANGANYIFU MKUBWA KULIKO YOTE: MAFUVU YA KWATZI

Mwaka 1897 British Museum ilinunua kutoka kwa Tiffany & Co. fuvu la kwatzi lililodaiwa kuwa la Waazteki wa Mexico ya kale. Kwa karibu miaka mia moja watu walilitazama kwa hofu na heshima. Kisha wataalamu wakalichunguza kwa hadubini za kielektroni na mwaka 2008 wakachapisha majibu: alama zake ni za gurudumu la kuzunguka, chombo ambacho mafundi wa Mexico kabla ya kuja Wahispania hawakuwa nacho. Jiwe lenyewe si la huko pia. Linafanana na la Brazili au Madagaska. Fuvu lingine, lililofika Smithsonian mwaka 1992 bila jina la mtumaji, lenye kilo 14 hivi, lilikutwa na alama za zana za kisasa kabisa.

Ulaghai wa siku hizi ni mdogo kwa ukubwa ila umeenea kuliko ule. Kioo kinauzwa kama kwatzi. Kipande cha kwatzi kilichovunjika kinasuguliwa kwa mashine mpaka kipate ncha, kisha kinauzwa kama fuwele iliyoota hivyo. Ukisimama mbele ya meza ya mawe, iwe Arusha, Nairobi au Antananarivo, fanya haya. Lishike: kwatzi ni baridi mkononi na huchelewa kupata joto, kioo hupata joto upesi. Litazame ndani dhidi ya mwanga: mapovu ya duara ni kioo, kwatzi huwa na utando kama moshi au vipasuko vinavyotoa rangi za upinde wa mvua. Likwaruze kwenye chupa ya soda: kwatzi ina ugumu wa 7 na itaacha mstari, tanzanaiti yenye 6.5 hivi haiiwezi kwatzi.

Mwisho, pitisha ukucha kwenye nyuso za nguzo, si kwenye ncha. Fuwele iliyoota yenyewe ina mistari midogo ya kulala, inayokata ubavu kwa upana kama vipandio vya ngazi. Mashine ya kusugua huifuta yote na kuacha uso laini kama kioo cha simu. Nyuso sita zote zikiwa laini na zinalingana kabisa, hilo limechongwa. Lipe bei ya jiwe lililochongwa. Na muuzaji akikuzuia kulitoa nje ulitazame juani, rudisha pesa mfukoni.